Laha za Mitindo na Hofu ya Kufuta

Laha ya mitindo huelekeza kivinjari sura ya tovuti: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya vitu. Kabla yake sura iliandikwa ndani ya HTML yenyewe, yaani lugha ya kurasa, na kubadili rangi ya vichwa kulidai kupitia kila ukurasa. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya laha hizo, Oktoba 1994, akaikuza pamoja na Bert Bos; shirika la W3C likaidhinisha toleo la kwanza Desemba 1996.

Kazi ilirahisika, lakini likazuka tatizo jipya. Kanuni ya CSS haina mipaka: iliyoandikwa kwa ajili ya fomu moja inaweza kugusa kitufe cha ukurasa mwingine kabisa. Kanuni mbili zikigongana, hushinda yenye kiteuzi (sehemu inayotaja vitu vinavyolengwa) kizito zaidi, yaani mahususi zaidi. Uzito ukilingana, hushinda iliyoandikwa mwisho. Kwa hiyo anayerithi laha ya maelfu ya mistari haogopi kuongeza, huogopa kufuta. Laha hunenepa, na anayefungua tovuti kwa simu katika mtaa wa Golf, Lubumbashi, hulipia kwa megabaiti zake kanuni zisizotumika tena.

Sass, lugha ya mwaka 2006 inayotafsiriwa kuwa CSS, ilileta vigeu na uwezo wa kupachika kanuni ndani ya nyingine. Marudio yalipungua, ila upachikaji uliokithiri ulizaa viteuzi vizito kuliko awali. Tiba ya kweli ilitoka kwenye majina. Mtaalamu wa CSS Nicole Sullivan alihimiza kutenganisha umbo na mapambo. Kampuni ya Yandex ikatoa BEM, mfumo wa majina ambamo klasi (jina linalobandikwa kwenye kitu cha HTML) kama `kadi__kichwa` hujitaja yenyewe ni ya kitu gani. Majina hayo ni marefu na hayapendezi macho, lakini uzito wa klasi zote ni mmoja, na kadi ikiondolewa, kanuni zake huondoka nayo bila wasiwasi.

BEM hutegemea nidhamu ya watu. Mwaka 2014 Christopher Chedeau wa Facebook alipendekeza mitindo iandikwe ndani ya JavaScript, mashine itunze mipaka. Zana ya Tailwind, mwaka 2017, ikaja na klasi ndogondogo zinazopangwa kwenye HTML.

Vivinjari navyo vimeendelea. Tangu 2022 vinakubali `@layer`: tabaka lililotajwa baadaye hushinda la awali, hata viteuzi vyake vikiwa vyepesi. Upachikaji uliingia 2023. Kwa tovuti ndogo inayoanza leo, CSS ya kawaida, majina ya BEM na matabaka machache vinatosha.