Kuhamia Mirihi, na Marando ya Kosele

Siku hizi yamezidi maneno ya kuhamia Mirihi. Kampuni ya SpaceX, iliyoasisiwa na Elon Musk huko Marekani mwaka 2002, imetangaza waziwazi kwamba muradi wake mkubwa ni kuwapeleka wanadamu katika sayari hiyo wakafanye maskani, si kuizuru na kurejea. Na habari hizo hazikomei kwa wenye roketi, bali hufika hadi Kosele, huku Rachuonyo, ambako vijana huzisoma katika simu zao sokoni, kando ya magunia ya viazi vitamu vya Kabondo. Nao huuliza swali la haki kabisa: je, yafaa binadamu aende kujenga mji katika sayari nyingine, ilhali hapa chini watoto wangali wakifa kwa malaria?

Swali hilo si geni, na mmoja wa waliolitoa kwa uchungu mkubwa alikuwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1970 mtawa Mary Jucunda, aliyekuwa akifanya kazi Zambia, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mtaalamu wa NASA, akimtaka aeleze vipi anathubutu kuomba mabilioni ya dola kwa safari ya Mirihi na hali dunia imejaa watoto wenye njaa. Stuhlinger alimjibu kwa taadhima na kwa urefu, akasema kwamba setilaiti zinazoizunguka dunia zitakisaidia kilimo, na kwamba elimu inayotafutwa kwa safari ngumu huzaa ufundi wenye manufaa kwa watu wote. Miaka iliyofuata imeyasadikisha maneno yake. Walakini ndani yake yalichanganyika mambo mawili ambayo, kwa rai yangu, hayana budi kutenganishwa, nayo ni kuitazama dunia kutoka juu, na kuihama.

La kwanza tunalo katika historia yetu wenyewe. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Wataliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakapachagua mahali hapo kwa kuwa ni jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi na kuipunguzia haja ya mafuta. Na tangu mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti kadha wa kadha zilirushwa kutoka pale. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na Wamarekani walioiunda wakaipa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, na kwa kazi yake wanafalaki walipata dalili nzito kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza elimu hiyo, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Najivunia jina lile, lakini najua kwamba jina ndilo lililokuwa fungu letu kubwa katika kazi ile, kwani setilaiti ya kwanza ya Kenya yenyewe, kisanduku cha sentimita 10 kila upande kilichoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Wataliano na Wajapani, iliachiwa angani Mei 2018, miaka 47 baadaye. Taifa-1, inayopiga picha za ardhi, ilifuata Aprili 2023.

Picha za namna hiyo si anasa. Mkulima wa Kabondo huchomeka marando ya viazi juu ya matuta mvua inapoanza, na mvua ikikatika baada ya siku chache, marando hunyauka kabla ya kushika mizizi, na mbegu ya msimu mzima ikapotea pamoja na jasho lake. Kujua mapema mwendo wa mawingu, kuona magugu maji yanavyotanda katika Ghuba ya Winam kabla hayajaziba njia ya mashua, kutambua mabwawa yanayoweza kuzaa mbu, yote haya ni kazi za setilaiti. Anayesema tungoje mpaka shida za dunia ziishe ndipo tushughulike na anga, anatunyima chombo kimojawapo cha kuziondolea shida hizo.

Amma kuihama dunia ni jambo jingine kabisa. Mirihi, hata ikitukaribia kwa ukomo wake, iko umbali wa kilomita milioni 55 hivi, na safari yake ni ya miezi 6 hadi 9. Hewa yake karibu yote ni kaboni dioksidi, tena nyepesi hata kanieneo yake haifikii sehemu moja katika mia ya hewa yetu, na wastani wa baridi yake ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Jangwa la Chalbi katika mwaka wa ukame ni bustani mbele ya pahala hapo. Tena ukoo wetu ni wa dunia hii tangu kale: huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamefukua zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2.6 hadi milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Na muda huo wote mwili wetu umefinyangwa kwa hewa, maji na mvutano wa dunia hii. Wanaosema kwamba Mirihi itakuwa kimbilio dunia ikiharibika, wazingatie kwamba mji wa huko utategemea vipuri, dawa na chakula kutoka kwetu kwa miaka mingi mno, hivyo dunia ikianguka, nao utaanguka.

Tena, ni nani atakayefaidi? Mwaka 1976, huko Bogota, Kenya na Uganda zilitia sahihi azimio pamoja na nchi nyingine za ikweta, zikidai haki juu ya njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ardhi zao. Mataifa makubwa hayakulikubali dai hilo, na kisheria lilikuwa dhaifu, lakini hofu iliyolizaa ingali hai: aliye na roketi hutangulia, na asiye nayo hupokea masazo. Tena masazo yenyewe huweza kuwa vyuma: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ambayo Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi, ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Alhamdulillahi, haikumdhuru mtu.

Kwa hiyo mali ya kujengea mji wa Mirihi naitakia kazi nyingine. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Kenya tarehe 13 Septemba 2019, hapa Homa Bay, huko Ndhiwa, ilidai utafiti wa zaidi ya miaka 30, na utafiti wa namna hiyo ndio unaostahili mali hiyo. Na kwa upande wa anga, picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008, na kule Kasarani, Nairobi, kiko kituo cha kanda cha upimaji ramani na rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975. Kinachokosekana baina ya Kasarani na Kosele ni bwana shamba au bibi shamba aliyefundishwa kuzisoma picha hizo, mwenye pikipiki na mafuta ya kumfikisha vijijini, awaeleze wakulima kwa Kijaluo, kabla ya mvua za Machi, ni wiki gani wachomeke marando yao.