Kama Hana Makosa, Wakili wa Nini?

Mtu akishikwa na polisi mtaani, maneno ya kwanza utakayoyasikia pale dukani na penye mfereji wa maji ni haya: "Kama hana makosa, wakili wa nini? Si aseme ukweli tu arudi nyumbani!" Nimeyasikia haya kwa watu wazima wenye akili zao timamu. Hata hapa shuleni, katika mjadala wa chama muhula wa kwanza, upande uliopinga mawakili ulishangiliwa hadi madirisha yakatetemeka. Walisema ati wakili ni mtu wa kulipwa ili mwizi aponyoke. Mimi nilikuwa upande wa pili na tukabwagwa kwa kura. Kwa kuwa siku hiyo nilipewa dakika 5 pekee, nimemwomba mhariri anipe nafasi hapa nijieleze bila kukatizwa na kengele.

Hebu kwanza tuelewe kortini kuna nini. Kesi ya jinai si ugomvi wa majirani wawili mbele ya chifu. Anayekushtaki ni Jamhuri yenyewe. Kiongozi wa mashtaka amesomea sheria, ana faili, ana wapelelezi, ana mashahidi ambao taarifa zao ziliandikwa mapema. Upande wa pili yupo mtu mmoja ambaye pengine amelala seli, hajaoga, mkanda wamemvua, na mawazo yake yote yako kwa watoto aliowaacha. Na hakimu je? Hakimu ni mwamuzi. Hawezi kuteremka kitini aje akutetee, kama vile refa hawezi kukusaidia kufunga bao hata akikuhurumia namna gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwetu sisi wapenzi wa Kiswahili lina uzito wa pekee. Nalo ni maneno mawili madogo: "ni kweli."

Mshtakiwa akisimama kizimbani, husomewa mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Ukisema si kweli, kesi inasikizwa na mashahidi wanaitwa. Ukisema ni kweli, basi umejifunga mwenyewe. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai inasema kwamba aliyekubali kosa hana rufaa juu ya kupatikana na hatia, ila anaweza kulalamikia tu ukali au uhalali wa adhabu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo sababu mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ambayo mawakili wa Kenya huitaja mpaka leo, iliweka utaratibu: mashtaka yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe, kisha aelezwe jinsi mambo yalivyotokea na apewe nafasi ya kupinga. Akipinga jambo la maana, iandikwe kwamba amekana.

Utaratibu ni mzuri. Lakini nani ataulinda asubuhi ya Jumatatu, wakati foleni ya washtakiwa imefika mlangoni?

Kuna kijana jirani yetu, muuza mitumba, ambaye alinunua simu kwa mtu stendi ya matatu. Baada ya wiki 2 polisi wakamfuata. Shtaka likawa lile tunaloliita "kupatikana na mali ya wizi." Kule rumande, mahabusu mwenzake akamshauri akubali haraka, atozwe faini kidogo aende zake. Alipoulizwa akasema, "Ni kweli nilipatikana nayo." Akafungwa miaka 2. Mamake alizirai pale pale nje ya korti, na mdogo wake, aliyekuwa darasa la nane, alikosa karo ya kuja kidato cha kwanza mwaka uliofuata.

Angalia vizuri hayo maneno yake. Alisema kweli tupu, kwa sababu simu ilikuwa mfukoni mwake. Lakini kosa lenyewe kisheria si kupatikana nayo. Kosa ni kupokea au kuweka mali huku unajua, au una sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kifungu hicho kina kifungo cha hadi miaka 14, si mchezo. Kiswahili chetu cha mtaani kimeukata mkia wa shtaka na kuacha kichwa, na kijana akajibu kichwa. Wakili mzoefu angesimama papo hapo na kusema, "Mheshimiwa, mteja wangu amekubali kwamba alikuwa na simu, hakukubali kwamba alijua ni ya wizi." Sentensi moja tu! Ilichukua miezi 8 mpaka familia ikapata wakili wa kujitolea, akaomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, akaonyesha kwamba lile jibu halikuwa kukubali kosa. Hukumu ikafutwa. Miezi 8 hakuna wa kumrudishia.

Nasisitiza neno mzoefu kwa sababu mambo mengi ya kesi hutendeka kabla hata ya kizimba. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kwisha, au ikiwa saa hizo zinaishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Pia inasema aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito ya kumzuia. Haki hizi zote zimeandikwa. Ila mtu anayetetemeka hakumbuki ibara. Ulimi hauna mfupa, na ukiwa na hofu unaropoka hata usiyoyajua. Sheria ya ushahidi inasema ungamo halikubaliki ila likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepeleleza kesi hiyo na mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, tena awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Wangapi mtaani wanajua hayo? Wakili akiwepo mapema, hata gwaride la utambulisho litafanywa sawasawa: mshukiwa mmoja asimame na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo, achague mahali pa kusimama, na wakili wake au rafiki awepo akitazama.

Kwenye kesi yenyewe, kazi kubwa ni kuwahoji mashahidi. Wengi wetu tunadhani, kwa kuangalia filamu, kwamba wakili hodari ni yule anayepiga meza na kufoka. Sivyo. Chukua kesi ya wizi wa usiku, shahidi anaapa kwamba alimwona mshtakiwa. Mtu asiye na wakili atauliza, "Kwa nini unanisingizia?" Shahidi atajibu, "Sikusingizii, ni wewe," na mambo yamekuwa mabaya zaidi. Wakili mzoefu atauliza polepole: taa ilikuwa wapi? Ilikuwa na mwangaza kiasi gani? Ulimwona kwa muda gani, na kutoka umbali gani? Ulimjua kabla ya siku hiyo? Na ulipokwenda kituoni mara ya kwanza, ulitaja jina lake au hata sura yake? Kama kwenye kitabu cha matukio ya kituo hakuna jina wala sura, hapo kuna shimo kubwa. Halafu, na hili ndilo gumu kujifunza, wakili atanyamaza. Swali moja la ziada linaweza kumpa shahidi nafasi ya kuliziba shimo lile.

Upande wa mashtaka ukimaliza, korti huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa hakuna, mshtakiwa huachiliwa bila kusema neno. Ikiwa ipo, ana njia tatu: aape na ahojiwe, aseme bila kiapo asihojiwe, au anyamaze. Kuchagua kati ya hizo tatu kunataka mtu aliyezoea, si shangazi yako aliyekuja na chai kwenye chupa.

Wenzangu mtasema: mbona wenye mawakili wakubwa pia hushindwa? Kweli hushindwa. Sisi wa Kitale mfano tunao karibu, mwendo wa matatu tu. Mwishoni mwa 1952 Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishtakiwa Kapenguria, katika darasa la shule lililogeuzwa kuwa korti. Wakili wao mkuu alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na wengine kama A. R. Kapila, Fitz de Souza, Dudley Thompson, H. O. Davies wa Nigeria na Chaman Lall wa India. Kule Kapenguria hapakuwa na pa kulala, kwa hivyo mawakili walilala huku kwetu Kitale na kusafiri kila siku ya kesi. Pritt alilalamikia hali hiyo kwa simu ya maandishi aliyoipeleka Uingereza, naye akashtakiwa kwa kuidharau korti, akashinda. Alipinga pia mkalimani, Louis Leakey, kwamba haegemei katikati, na Leakey akajitoa.

Tarehe 8 Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker aliwafunga wote miaka 7. Basi Pritt alifanya kazi gani? Kila uongo ulihojiwa na kuandikwa. Rufaa ya Oneko ilikubaliwa mwaka 1954, ingawa serikali ya kikoloni iliendelea kumzuilia. Na mwaka 1958 shahidi Rawson Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa safari na masomo Uingereza. Wakamfunga kwa kiapo hicho, lakini dunia ilikuwa imeshasikia. Kesi isiyohojiwa haiachi nyuma kitu cha kurudia.

Imebaki habari ya pesa, ambayo ndiyo kilio cha kweli. Wakili mzoefu ni ghali, na sitawadanganya. Hata hivyo ibara ya 50 ya Katiba inasema serikali itampa mshtakiwa wakili kwa gharama yake ikiwa bila hivyo haki itapotoka vibaya, na anafaa aambiwe hivyo mapema. Washtakiwa wa mauaji Mahakama Kuu hupewa. Tatizo liko chini, kwa mahakimu, ambako husikizwa wizi wa mabavu, kosa ambalo kitabu cha sheria bado kimeliwekea adhabu ya kifo ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Huko wengi husimama peke yao, na kwa maoni yangu hiyo ni aibu. Mwaka 2016 ilipitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikaunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Kuna pia Kituo cha Sheria, ambacho kipo tangu 1973. Mshtakiwa anaweza kumwambia hakimu waziwazi, "Naomba wakili, sina uwezo," na ombi hilo liandikwe.

Ikiwa mtoto aliye chini ya miaka 18 ndiye aliyeshikwa, na hapa nasema nasi, asichanganywe seli na watu wazima, na mzazi aitwe upesi.

Jihadharini na wale wa koti na mkoba wanaozurura kwenye veranda za korti wakiomba "kitu kidogo cha kufungua faili." Jina la wakili huweza kuulizwa kwa Chama cha Mawakili cha Kenya, kama ana leseni ya mwaka huo. Ulizeni kabla ya kutoa shilingi, na mwombe risiti. Na hukumu ikishatoka, hesabuni siku tangu siku ile ile, kwa maana muda wa kukata rufaa ni siku 14.