Upatanisho wa Kitenzi katika Matumizi ya "as well as"

Kirai cha Kiingereza "as well as" hufasiriwa mara nyingi kwa "pamoja na", na hapo ndipo lizukapo kosa la upatanisho. Katika Kiswahili husemwa "Mwalimu pamoja na wanafunzi wamefika". Kitenzi hupatana na nomino zote mbili. Katika Kiingereza rasmi cha maandishi, kinyume chake, nomino ya kwanza ndiyo itawalayo kitenzi: "The teacher, as well as the pupils, has arrived." Quirk na wenzake (1985) hukihesabu kirai hiki miongoni mwa viunganishi-nusu. Kwa upande wa upatanisho, muundo wa Kiswahili ulio karibu nacho ni "Mwalimu amefika pamoja na wanafunzi", ambamo kiima ni mwalimu peke yake. Panapohitajika wingi, yafaa kutumia "and".