Uzi: Mheshimiwa akiahidi laini ya majitaka kijijini

Uzi wa leo ni wa majitaka. Najua si mada ya kusoma ukila, lakini kampeni zikifika mashinani lazima mheshimiwa mmoja asimame juu ya gari na kusema, "Hii senta yetu nitaiwekea laini ya majitaka kama Nairobi!" Makofi. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na ahadi hii naisikia kila mara, kwa hivyo tuifungue.

Kwanza, hii kazi ni ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka huduma za maji na majitaka chini ya kaunti. Mbunge akisema ataijenga na pesa za NG-CDF, kumbuka sheria ya 2015 ya hizo pesa inaruhusu miradi ya majukumu ya serikali kuu pekee. Kupiga kelele bungeni anaweza, sawa. Lakini wa kuulizwa ni gavana, na MCA wako anayepitisha bajeti.

Sasa laini yenyewe. Uchafu ndani ya bomba husukumwa na maji. Maji yakiwa kidogo, unakwama na bomba linaziba. Chukua senta ya kawaida: ploti kadhaa za kupangisha, hoteli mbili tatu, kichinjio, shule, na maji ya kuchota kwa mtungi wa lita 20. Boma moja liko hapa, lingine nusu kilomita juu. Bomba la kuwaunganisha wote hao atalipia nani? Ahadi hiyo siiamini, hata itoke kwa mtu ninayempigia kura.

Wengi hapo wana choo cha shimo, na pale penye nafasi hakuna aibu. Kikijaa, unafunika na kuchimba kingine. Shida inaanza senta ikikua. Ploti imebanana, hakuna pa kuchimba, mwenye nyumba anaita eksosta, lile lori la kunyonya choo. Linaondoka limejaa. Linaenda wapi? Kama mtambo wa karibu uko mjini kabisa, safari ni mafuta, na mto uko hapo karibu na giza limeingia. Mnajua yanayofanyika. Chini ya huo mto kuna mama anachota maji ya kupika, na jirani yake ananyunyizia sukuma wiki. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Kipindupindu nacho hakina subira: mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi.

Na suluhisho si lazima liwe kubwa. Kuna mabwawa ya kusafisha majitaka. La kwanza lina kina, uchafu mzito unatua chini na bakteria wanaula. La pili ni pana, mwani unaingiza oksijeni. Ya mwisho ni ya kina kifupi, jua linaua vijidudu. Hakuna umeme, hakuna kemikali. Mtambo wa Dandora, kule Ruai, unaohudumia Nairobi hutumia mabwawa hivyo hivyo. Senta chache zikishirikiana zinaweza kuwa na madogo, na sehemu ya kukaushia tope, malori yamwage hapo kwa ada ambayo haimfukuzi dereva kurudi mtoni.

Lakini bwawa hujaa tope. Lisipotolewa kwa miaka kadhaa, maji yanatoka karibu vile yaliingia. Siasa yote iko hapo. Kujenga kuna utepe wa kukata na picha za kupost. Kutoa tope ni matumizi ya kawaida, yanang'ang'ania pesa na mishahara, na hakuna gavana atapigwa picha kando ya tope.

Kwa hivyo mkiitwa kikao cha bajeti ya kaunti, ulizeni malori yanamwaga wapi leo, na shilingi ngapi zimetengwa za kutoa tope mwaka wa tano. Jibu likiwa "tunalifuatilia", andikeni hapo chini na jina la wadi.

Kesho ni kichinjio. Damu ina kesi yake.