Konokono Mwenye Mlango na Asiye na Mlango

Kwenye miamba ya Mombasa na Unguja, juu kule ambako hufika marasharasha ya mawimbi tu, wamejibanza konokono wadogo wa jamii ya Littorinidae. Maji yakipwa na jua likiwaka, kila mmoja hujinatisha mwambani kwa ute, hurudi ndani ya gamba na kufunga mlango wake: kisahani kigumu kilichoota nyuma ya mguu. Huweza kukaa hivyo siku kadhaa.

Msomaji wa Ibanda au Bwera hana bahari, lakini mlango huo unamhusu. Chota magugu ufukweni mwa Ziwa Edward, pale Katwe, kwa chujio na si kwa mkono mtupu. Utakuta Bellamya, mnene wa mviringo, na Melanoides, mrefu aliyechongoka, ambaye majike yake huzaa bila dume. Wote wawili wana mlango, na hakuna kati yao anayebeba kichocho.

Anayekibeba ni Biomphalaria. Gamba lake ni bapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa, na mlango hana. Ana pafu, hivyo hupanda juu kuvuta hewa. Damu yake ni nyekundu kama yetu, ndiyo maana huvumilia maji yaliyotuama yenye oksijeni haba. Bulinus, abebaye kichocho cha mkojo, naye hana mlango. (Kanuni hii ya mbeba kichocho kukosa mlango ni ya Afrika; China mbeba kichocho ana mlango.)

Mito Mubuku na Lhubiriha inaposhuka Rwenzori kwa kasi, Biomphalaria hapati pa kushika. Mimi hutilia shaka zaidi mifereji ya umwagiliaji kule tambarare, maji yanapopungua mwendo na magugu kuota, na kingo za ziwa penye matete.

Hata hivyo Biomphalaria huzaliwa msafi. Ugonjwa anaupata kwetu: mayai yaliyomo katika kinyesi cha binadamu huanguliwa majini, viluwiluwi vikamwingia. Baada ya wiki nne au tano huanza kumwaga vingine, mamia hata maelfu kwa siku, vinavyopenya ngozi. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo anayefua saa sita mchana yumo hatarini kuliko wa alfajiri. Visipompata mtu, hufa ndani ya siku mbili. Maji ya kuoga yaliyochotwa bila konokono, yakalazwa pipani saa 48, hayana tena cha kupenya.