Kamba Husokotwa Kabla ya Mzigo

Somo letu limo katika Maombolezo, mlango wa 3, mstari wa 19 hadi wa 26.

Watu wengi hudhani kwamba mchungaji hushiba Neno la Mungu kwa sababu Biblia haimtoki mkononi. Juma moja hapa Voi lilinionyesha vingine. Jumatatu tulikuwa na kikao cha wazee juu ya paa la kanisa linalovuja. Jumanne nilizuru wagonjwa, na jioni nikawapatanisha mume na mke. Jumatano nilikwenda mazishini chini ya mlima wa Sagalla. Kila siku niliifungua Biblia, lakini nilitafuta neno la kumpa mtu mwingine. Nilikuwa kama mpishi wa arusi, apakuaye tangu asubuhi na kulala na njaa.

Kule Sagalla nilimkuta mama mjane. Ndovu wa Tsavo walikuwa wamemaliza mahindi yake mwezi uliopita, na sasa mumewe alikuwa jenezani. Nilikaa karibu naye, nikatafuta la kumwambia, nisilipate. Yeye ndiye aliyeanza. Alinieleza kwamba usiku kucha hakulala, ila alikumbuka somo la utoto wake katika shule ya Jumapili, kwamba huruma ya Mungu haikomi, na kila kukicha huanza upya. Akasema, "Hilo ndilo lililonishika, Mchungaji. Mengine siyajui."

Niliona haya. Niliporudi nyumbani nikafungua mlango huo wa Maombolezo. Wababeli walikuwa wameuteketeza Yerusalemu, karibu mwaka wa 586 kabla ya Kristo. Mwandishi hasemi kwamba mambo yamekuwa mema. Asema kwamba analo jambo analolikumbuka, na kwa kulikumbuka apata tumaini. Angalieni utaratibu huo: kwanza kukumbuka, ndipo kutumaini. Wala hakuna awezaye kukumbuka asichokiweka moyoni.

Katika Kiebrania, neno moja lenye maana ya tumaini ni "tikva". Ndilo lililomo katika Yeremia 29:11. Lakini katika Yoshua mlango wa 2, neno lilo hilo ni kamba, ile nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani ili nyumba yake ipone. Sisi wa Taita Taveta twaijua kamba, maana mkonge twauona mashambani kule Mwatate. Uzi mmoja wa mkonge hata mtoto aweza kuukata. Nyuzi nyingi zikisokotwa pamoja hufunga mzigo mzito. Lakini kamba husokotwa mapema, si wakati mzigo unapoanguka. Yule mama alianza kusokota yake akiwa msichana mdogo.

Tangu siku ile, kabla sijagusa simu asubuhi, nasoma mistari michache kwa ajili ya nafsi yangu, si kwa ajili ya mahubiri. Najiuliza, Mungu aniambia nini mimi? Kisha nachukua neno moja na kutembea nalo, kwenye pikipiki, kwenye foleni, mlangoni pa wodi. Kazi hazikupungua. Ziko asubuhi ambazo nasoma na moyo wangu ni mkavu kama ardhi ya Voi mwezi wa Septemba. Hata hivyo uzi ni uzi. Nauongeza kwenye kamba.

Ndugu yangu, pengine wewe ni dereva katika barabara ya Mombasa, au mama wa sokoni, nawe wasema huna nafasi. Sikuambii usome mlango mzima. Anza na uzi mmoja kesho asubuhi.

Na tuombe. Ee Baba, tusamehe sisi tugawao chakula chako bila kukila. Utulishe leo, ili siku ya mzigo tusikutwe mikono mitupu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.