Je, Wajua? Bahari Sebuleni

Wengi wanaotamani tangi la samaki wa maji ya chumvi huanza kwa kuchagua samaki. Waliolitunza miaka mingi huanza na maji, kwa sababu maji yakitulia samaki hujitunza, na yakiharibika hakuna dawa itakayomwokoa. Tuchukue mfano wa tangi kubwa la nyumbani: urefu sentimita 200, upana 80, kimo 65. Linabeba zaidi ya lita 1,000. Haya ndiyo ya kujua kabla hujamwita fundi.

KABLA YA TONE LA KWANZA

1. Je, wajua kwamba tangi hilo likijaa hufikia uzito wa gari dogo la saluni? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi, kwa hiyo maji peke yake yanapita tani moja. Kioo cha milimita 15 kinaongeza karibu kilo 200, na bado hujaweka mawe, mchanga wala kabati. Kama unakaa ghorofani, muulize mhandisi kwanza, muuza tangi baadaye.

2. Je, wajua kwamba kinachotesa kioo ni kimo cha maji, si wingi wake? Katika tangi letu, maji husukuma kioo cha mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 430 hivi. Ongeza urefu wa tangi maradufu, nguvu hiyo itaongezeka mara mbili. Ongeza kimo maradufu, itaongezeka mara nne. Tangi refu na fupi kwa kimo ni rahisi kulijenga, na samaki hupata uwanja wa kuogelea.

3. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, tangi la AquaDom lililokuwa ukumbini mwa hoteli mjini Berlin, Ujerumani, lilipasuka. Lita milioni moja zilimwagika hadi barabarani, na karibu samaki wote wapatao 1,500 wakafa. Nyumbani, adui wa kwanza ni meza isiyokaa sawa, maana kioo kikibebwa upande mmoja kinapinda. Fundi aweke pimamaji pande zote nne kabla ya maji kuingia.

4. Je, wajua kwamba pua inaweza kukuambia kama gundi imekauka? Silikoni nyingi za kuunganishia vioo hutoa asidi ya siki zinapokauka. Inusie kona: ukisikia harufu ya achari, subiri. Na usinunue silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa tangini.

MAJI YENYEWE

5. Chumvi ya jikoni haifai. Sodiamu na kloridi ni asilimia 85 hivi ya chumvi za bahari. Zinazobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyingine ndogondogo, na matumbawe hayaishi bila hizo. Kwa tangi letu utahitaji kilo 36 hadi 40 za chumvi maalumu ili kufikia gramu 35 kwa kila kilo ya maji.

6. Je, wajua kwamba chumvi hiyo moja inamfaa samaki wa Mombasa na wa Bali vilevile? Meli ya utafiti ya Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876. Mwanakemia William Dittmar akapima sampuli 77 za maji yake, na mwaka 1884 akaonyesha kwamba bahari moja inaweza kuwa kali kuliko nyingine, lakini uwiano wa chumvi kuu ndani yake karibu haubadiliki.

7. Maji ya bomba yanayotufaa sisi yanaweza kuwa na klorini, fosfeti, nitrati na hata shaba. Shaba kidogo tu huua kamba na matumbawe. Ndiyo maana maji hupitishwa kwanza kwenye chujio la utando laini. Kwa kila lita safi, chujio hilo mara nyingi hutupa lita tatu au zaidi. Yakinge, yatapiga deki na kusafisha choo.

8. Je, wajua kwamba maji hupungua lakini chumvi haipungui? Kinachopaa ni maji matupu. Tangi kubwa lililo wazi hupoteza lita kadhaa kwa siku, na kila lita inapopaa, yanayobaki huzidi ukali. Kwa hiyo pengo hujazwa maji yasiyo na chumvi, kidogokidogo, na kipimo chenye boya au jicho la kielektroniki hufanya kazi hiyo usiku na mchana.

9. Tazama ukingo wa tangi asubuhi, utaona ukoko mweupe. Tone lilirukia pale, likakauka, likaacha chembe ya chumvi. Tone la pili likanywewa na chembe ile, likasonga mbele kidogo. Hivyo ndivyo chumvi inavyotambaa juu ya waya hadi kwenye soketi. Acha kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni. Na pasiwe na kifaa kisichopitia swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja.

MASHINE NA KAZI ZAKE

10. Je, wajua kwamba pampu ya kwanza ya tangi la matumbawe ilikuwa mkono wa binti? Mwaka 1846, Bi. Anna Thynne alichukua matumbawe hai huko Torquay, pwani ya Uingereza, akayapeleka London. Maji mapya ya bahari yalikuwa mbali, hivyo yale yale yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa hadi dakika 45 kila mara. Aliyeyamimina ni binti mdogo aliyemtumikia, na jina lake halikuandikwa.

11. Alichokuwa akitia binti huyo ndani ya maji ni oksijeni. Lita ya maji ya bahari yenye nyuzi joto 26 hubeba chini ya miligramu 7 za oksijeni. Lita ya hewa tunayovuta ina karibu mara 40 ya hizo. Samaki anaishi kwenye uhaba huo maisha yake yote, na maji yanavyozidi joto ndivyo oksijeni inavyopungua.

12. Ndani ya kabati kuna tangi la pili. Maji hufurika kutoka juu, yakizoa utando wa mafuta unaozuia hewa kuingia, hushuka kwa bomba, hupita kwenye vifaa, kisha pampu huyarudisha. Umeme ukikatika, mkondo hugeuka: mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa umezama sentimita 10, maji yatafyonzwa hadi hapo. Katika tangi letu kila sentimita ni lita 16. Piga hesabu: lita 160 zikitafuta mahali pa kukaa. Tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, huingiza hewa na kukata mfyonzo huo.

13. Je, wajua kwamba uchafu wa samaki hutolewa kwa povu? Ndani ya silinda ya plastiki, maji na hewa hupigwa hadi yawe meupe kama tui. Protini hunata kwenye ngozi ya viputo, hupanda shingoni na kumwagikia kikombe kilicho juu. Kifunue kikombe hicho baada ya siku tatu: ndani mna maji ya rangi ya chai kavu, na harufu ya diko ambalo halijaoshwa. Povu la namna hiyo hutupwa ufukweni na mawimbi wakati wa kusi. Mashine hii haifanyi kazi vizuri kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa sababu viputo vyake huungana vikawa vikubwa.

14. Tumbawe halitembei kutafuta chakula. Maji ndiyo huliletea chakula na hewa, na ndiyo huondoa taka zake. Ndiyo sababu pampu za mawimbi huwekwa pande mbili na kupokezana, ili mkondo ubadilike kama maji yanavyojaa na kupwa.

15. Je, wajua kwamba taa ya matumbawe ni shamba? Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, na chakula wanachotengeneza kwa mwanga kinaweza kulipa tumbawe hadi asilimia 90 ya nguvu linazohitaji. Taa huegemea rangi ya buluu kwa sababu bahari humeza nyekundu kwanza.

16. Mombasa shida ni joto, Nairobi ya mwezi wa Julai shida ni baridi. Feni inayopuliza uso wa maji huyapoza kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa, ingawa hewa yenye unyevu wa pwani hupunguza nguvu yake. Kwa baridi, hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa. Moja ikigoma kuzimika, peke yake haina nguvu ya kuchemsha tangi zima.

17. Je, wajua kwamba matumbawe hulishwa chokaa? Kuta za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapakwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Tangini safari hiyo hurudi nyuma: maji safi ya chokaa hudondoshwa tone kwa tone, na tumbawe huchukua kalsiamu na kuigeuza jiwe tena. Yawe ya chokaa safi isiyochanganywa na kitu, na yadondoke polepole, kwani ukali wake huunguza.

WAKAZI

18. Wakazi wa kwanza hawaonekani. Bakteria mmoja hugeuza amonia kuwa nitriti, mwingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuota vya kutosha. Muda huo tangi lina mawe na maji tu, na wageni watakuuliza samaki wako wapi. Usiwasikilize.

19. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyotunza viumbe wa bahari kwa viputo vya hewa na mawe hai tu, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake. Siri ilikuwa kwenye vitundu vya mawe: ndani kabisa, kusikofika oksijeni, bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi ikapaa.

20. Je, wajua kwamba samaki wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, aliyevuma kwa filamu ya Finding Nemo ya 2003, huzaliwa dume? Mkubwa wa kundi ndiye jike. Akifa, dume lake hugeuka jike.

21. Samaki aitwaye kangaja wa buluu hafifu husafirishwa kutoka pwani ya Kenya hadi matangi ya ng'ambo, naye anataka urefu wa kukimbia. Kangaja wa njano wa Hawaii aliwashinda watafiti miaka mingi, hadi 2015 walipofaulu kumkuza tangu yai. Ukimpata samaki aliyezaliwa tangini, mnunue huyo.

22. Usichemshe mawe hai wala kuyasugua yakiwa makavu. Baadhi ya wanyama wafananao na vifungo vya nguo, jamii ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana, na mvuke umewahi kulaza watu hospitalini. Vaa glavu na miwani.

23. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968. Humo huokoti hata kombe.

24. Na je, wajua kifaa cha kujaribu kabla ya samaki wa kwanza? Ni swichi kuu. Izime mwenyewe, tazama maji ya chini yanaishia wapi, piga alama kwa kalamu. Siku umeme utakapokatika kweli, oksijeni ndiyo itakayoisha kwanza. Kama huna betri wala jenereta, chota maji kwa jagi, yainue, yamimine tangini kutoka juu, tena na tena, mkono ukichoka mpokezane. Binti yule wa London alifanya hivyo, na matumbawe yakaishi.